Siku Mama Chanuo Alipoziba Gati

Ukitaka kumjua Mama Chanuo, usianzie ziwani. Anzia saluni kwake, chumba kimoja kirefu kama behewa la treni, chenye vioo upande mmoja na viti upande wa pili, na harufu ya mafuta ya nywele inayokukumba kabla hujafika mlangoni. Huko ndiko alikopatia jina. Chanuo lake lenye mkia mrefu hulichomeka kwenye nywele zake mwenyewe akiwa kazini, kisha husahau kwamba lipo. Ameshaenda nalo benki na kwenye mkutano wa wazazi, na safari moja alienda nalo kwa daktari wa meno, akafunguliwa mdomo na mashine huku chanuo limesimama wima kichwani kama antena.

Kazini hana simile. Ukimkabidhi kichwa, ni chake mpaka amalize. Ukigeuka kutazama nani kaingia, anakirudisha kichwa mahali pake kwa vidole viwili, bila kukatisha maneno yake.

Kwa miaka mingi hakuwa na habari na maji. Mume wake, fundi saa anayefanyia kazi sebuleni, alipenda kumtania kwamba mke wake huliogopa hata beseni la kuoshea miguu. Halafu Jumapili moja asubuhi akaja mteja wake wa siku zote, karani wa posta, mwanamke mcheshi aliyekuwa akicheka mpaka kiti kinalia. Alitaka misuko midogo midogo iliyolala kwa nyuma. Wenzake walikuwa wanakwenda ziwani kupanda boti. Mama Chanuo alimsuka, akamshikia kioo nyuma ya kichwa, karani akajitazama, akasema, "Leo samaki watanionea wivu," akaondoka.

Kesho yake dada wa yule karani alikuja saluni, akamwomba waende pamoja chumba cha maiti, amtengeneze marehemu nywele. Mama Chanuo alibeba mkoba wake wa kazi na kwenda. Alipofunuliwa yule mteja wake, alikuta hakuna kazi ya kufanya. Hakuna msuko hata mmoja uliokuwa umefumuka. Mistari ilikuwa imenyooka vilevile kama alivyoiacha.

"Boti ilikuwa na majaketi ya kuokolea," dada mtu alisema, akiwa ameegemea ukuta. "Yeye alikataa. Alisema kola ingemharibia nywele."

Mama Chanuo alisimama pale, chanuo mkononi. Kuna watu ambao huzuni huwalaza kitandani. Yeye ilimtoa kitandani. Wiki ileile alikwenda kwa mdogo wake, akamwambia, "Mwambie mumeo nataka kujifunza kupiga kasia."

Mdogo wake alicheka mpaka akashika mbavu. Mume wa huyo mdogo mtu, ambaye Mama Chanuo humwita Shemeji, naye humwita Mama Chanuo hivyohivyo, alikuwa na biashara ya kukodisha boti ziwani: boti za makasia za kuchukua watu sita, na mitumbwi ya plastiki ya mtu mmoja mmoja. Mdogo mtu ndiye aliyekuwa akiuza tiketi kwenye kidirisha juu ya gati. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alimpa shemeji yake mtumbwi, akasimama kwenye gati akimwelekeza, na kila alipopinduka alimvuta kwa fito huku akisema, "Pole Shemeji, leo umeshiba bila kula."

Alipinduka sana, na alikunywa ziwa lile mpaka akajua ladha yake upande wa mashariki na upande wa magharibi. Lakini mikono iliyosuka vichwa miaka yote hiyo ilikuwa na nguvu zake, na kasia likaizoea. Akaenda na kwa waokoaji wa bwawa la kuogelea la mjini, akajifunza kumvuta mtu, kumgeuza mtu, kumpulizia mtu pumzi. Kisha akaanza kutafuta watu wa kujitolea, wapiga makasia ambao wangepita siku za mapumziko katikati ya waliokuja kustarehe na kuhakikisha kila mmoja amevaa jaketi, na amelifunga.

Aliwapata wapi? Hapohapo saluni. Mtu aliyesukwa nusu kichwa haendi popote. Alikuwa akifika katikati ya kichwa, anasimama, anasema, "Hivi Jumamosi asubuhi huwa unafanya nini?" Hivyo ndivyo alivyompata Nesi wa zahanati, na mwalimu wa kemia, na wasichana wawili wa duka la vitambaa. Fundi wa mafriji, waliyemwita Barafu, hakuwa na nywele hata za kushika. Alikuja kutengeneza feni tu, akaondoka ameshaandikishwa.

Somo la kwanza lilikuwa kupinduka. Kila mwanafunzi, kabla hajaonyeshwa namna ya kushika kasia, alipinduliwa majini na nguo alizokuja nazo, jaketi likiwa kifuani, ili ajue mwenyewe jinsi linavyomrudisha juu. "Sitaki uniamini mimi," alikuwa akisema. "Liamini jaketi."

Somo la pili waliliita kushikana. Mitumbwi inapangwa ubavu kwa ubavu, makasia yanalazwa kwa upana juu ya mapaja, na kila mtu anashika mtumbwi wa jirani yake. Mitumbwi iliyokuwa ikiyumba kama mlevi inageuka sakafu. Ukiwa na mtu wa kuokoa, unaweza kumlaza juu yake kama umemlaza kitandani.

Somo la tatu halikuwa na mazoezi, lilikuwa na amri tu: usivue jaketi lako kumpa mtu.

"Hata mtoto?" Nesi aliuliza siku ile. Macho yalimtoka.

"Hata mtoto."

"Mama Chanuo, mimi kazi yangu ni kutoa."

"Toa mtumbwi wako aushike. Toa kasia. Toa sauti, piga filimbi mpaka mapafu yaume. Jaketi ni lako mpaka miguu iguse nchi kavu. Ukilivua, hujamwokoa mtu, umebadilisha tu atakayezama." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, "Najua nyinyi. Mtu anayejitolea Jumamosi asubuhi ndiye huyohuyo atakayevua. Wabinafsi siwahofii kwa hilo."

Nesi alivuta klipu za jaketi lake zikakaza. Lakini alizivuta kama mtu aliyeshindwa hoja bila kukubali.

Kadiri mafunzo yalivyokua ndivyo Shemeji alivyozidi kukunja uso. Wateja walikuwa wakifika gatini, wanaona watu wazima wanapinduka na nguo zao na kuibuka wakikohoa, wanauliza, "Kumbe hizi boti zinapinduka?" Wengine walirudi kwenye magari yao. Ndipo Alhamisi moja Shemeji akaja saluni, akaketi chini ya mashine ya kukaushia nywele kwa sababu ndicho kiti pekee kilichokuwa wazi.

"Shemeji, nimekuja kwa heri."

"Ukianza hivyo naogopa. Sema."

"Jumapili kuna kampuni moja inakuja na wafanyakazi wake wote. Wamekodi boti zangu zote. Meneja wao anataka picha, watu wavae fulana za kampuni, maandishi yaonekane kifuani."

Mama Chanuo aliendelea kusuka. "Na jaketi linavaliwa wapi, Shemeji? Si kifuani hapohapo?"

"Ndiyo nimekuja kuongea." Alisogea, mashine ikamgonga kisogo. "Majaketi yatakaa stoo siku hiyo. Siku moja tu. Maji yenyewe yametulia, wanazunguka karibu, wanapiga picha, wanarudi. Watu wako wakae pembeni, wapunge mikono, wacheke. Wasimsogelee mteja. Wasimpindue mtu."

"Na wasipokaa pembeni?"

Shemeji aliangalia vidole vyake. "Basi boti zangu hutazishika tena. Mitumbwi yote. Nasema mbele ya watu."

Mteja aliyekuwa anasukwa akaacha kutafuna bazoka. Saluni nzima ilijua maana ya maneno yale. Mama Chanuo hakuwa na mtumbwi hata mmoja wa kwake. Shemeji akifunga zake, mafunzo yamekwisha, na wale watu aliowakusanya kichwa kwa kichwa wangerudi kulala Jumamosi asubuhi.

"Yule karani hakuwa kwenye boti yangu," Shemeji alisema ghafla, ingawa hakuna aliyemtaja.

"Sijasema alikuwa kwenye yako."

"Lakini unanitazama hivyo."

"Nakutazama hivyo kwa sababu umekalia taulo langu safi."

Watu walicheka, na Shemeji akacheka pia, akaondoka akidhani yameisha vizuri. Mama Chanuo alimaliza kichwa kile. Mteja alisimulia baadaye kwamba hajawahi kusukwa kwa kuvutwa namna ile.

Jumapili ilifika na upepo. Haukuwa mkubwa, ila ulitosha kuukunja uso wa maji na kuzifanya boti zigonganegongane. Wafanyakazi wa kampuni walishuka kutoka kwenye basi lao wakiwa na fulana mpya za bluu, spika ikipiga muziki, watoto wawili watatu wakikimbizana. Gati lile la mbao lina umbo la mikono miwili iliyonyooshwa majini. Boti hukaa katikati, na hutokea mbele, penye nafasi ya boti moja na nusu kupita. Kila aendaye ziwani hutokea hapo. Hakuna njia nyingine.

Mama Chanuo alipanda kwenye kidirisha cha tiketi.

"Stoo imefungwa?" alimuuliza mdogo wake.

"Ufunguo anao mwenyewe." Mdogo mtu hakuinua macho. "Dada, usinitie katikati. Mimi ni mke wa mtu."

"Na mimi ni dada wa mtu. Nauliza stoo tu."

"Imefungwa, Dada."

Alishuka. Watu walikuwa wameanza kuingia botini, wanawake wakishikana mikono na kupiga mayowe ya furaha, meneja akiwapanga warefu nyuma, wafupi mbele. Hakuna aliyekuwa na jaketi. Wapiga makasia wake walikuwa nje ya gati kwenye mitumbwi yao, majaketi ya rangi ya machungwa yamefungwa mpaka shingoni, wanamtazama. Waliambiwa wapunge mikono. Barafu alikuwa akipunga wa kwake kama mtu anayefukuza nzi.

Mama Chanuo aliingia kwenye mtumbwi wake. Alipiga makasia machache mpaka mdomoni mwa gati, akageuza ubavu, akapuliza filimbi.

"Shikaneni!"

Walisita kidogo tu. Walidhani kuna mtu wa kuokoa. Kisha walipoona alikosimama, wakaelewa, na mitumbwi ikaanza kuja mmoja mmoja, ubavu kwa ubavu, makasia yakalala juu ya mapaja, mikono ikashika. Ukatanda mstari mmoja kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile. Mlango wa gati ukazibwa.

Wageni walipiga makofi. "Ni sehemu ya burudani?" meneja aliuliza akiwa boti ya kwanza, simu mkononi tayari kwa picha.

"Ndiyo mkubwa," Barafu akajibu. "Burudani yenyewe inaanza ukishavaa jaketi."

Shemeji alikuja mbio juu ya mbao, viatu vikipiga kelele. "Shemeji! Nini hiki?"

"Kushikana."

"Naona! Achianeni boti zipite!"

"Zitapita. Fungua stoo, wavae, zipite."

"Tulikubaliana!"

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilikuwa nasuka."

Shemeji alichukua fito lilelile alilowahi kumvutia, akaliweka kwenye pua ya mtumbwi wa kati, akasukuma. Mstari ulipinda kama mkeka, ukarudi. Akasukuma tena, jasho likimtoka, na yeye mwenyewe nusura aingie majini. Wasichana wa duka la vitambaa waliangua kicheko cha woga. Hakuna aliyeachia.

"Nilikuambia nitakufanya nini," Shemeji alisema, akihema. "Hutazishika tena boti zangu. Umesikia? Kuanzia leo."

"Nimesikia." Mkono wake haukuachia mtumbwi wa Nesi. "Lakini kwa sasa ninazo."

Muziki ulizimwa na mtu. Katika ukimya ule, mtoto mmoja kwenye boti ya kwanza, aliyengoja safari hii wiki nzima, akaanza kulia. Baba yake akampakata, akawageukia wapiga makasia kwa sauti ya mtu mstaarabu.

"Jamani, mtoto huyu kosa lake nini? Mpeni basi yeye jaketi moja, sisi wakubwa tutajiangalia. Moja tu, tupite."

Nesi alimtazama yule mtoto. Mkono wake ukaachia mtumbwi wa jirani, ukapanda kifuani, klipu ya juu ikafunguka. Kisha ya chini. Kwa kuachia kwake mstari ukafumuka, upepo ukautenganisha mtumbwi wake na wa jirani, na mtu aliyekuwa na kasia kwenye boti ya kwanza, kwa kuona upenyo, akapiga mara moja. Pua ya boti ikaingia.

"Nesi! Mkono!"

"Mtoto analia, Mama Chanuo!"

"Mwache alie! Anayelia ana pumzi!" Sauti ilitoka kali hata yeye mwenyewe ikamshtua. "Ukimpa hilo, baba yake atatoka na boti nzima kwa jaketi moja, na wewe utakuwa nje huku huna chako. Funga! Funga, nakwambia, ushike!"

Kwa muda, Nesi alibaki na jaketi limening'inia bega moja. Angeweza kulivua. Hakuna ambaye angemlaumu, isipokuwa mtu mmoja. Kisha akavuta klipu ya chini, ikalia. Akavuta ya juu. Akanyoosha mkono na kushika ubavu wa mtumbwi wa jirani, na Barafu naye akavuta kutoka upande wake kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kubeba mafriji, mpaka pua ya boti ikabanwa na kurudi ilikotoka.

Mwanamke mmoja wa kampuni, mwenye nywele zilizosukwa vizuri kuelekea juu, alikuwa ameketi mbele kabisa. Aliona yote kwa karibu, hata machozi ya Nesi.

"Samahani," alisema, "hayo majaketi mengine yako wapi?"

"Stoo," Mama Chanuo alijibu. "Yapo ya kuwatosha nyote."

"Sisi tumeambiwa maji ni mafupi, hayahitajiki."

Mama Chanuo alichukua kasia lake, akalichomeka majini wima, akalisukuma mpaka maji yakalimeza lote, pamoja na mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Halikugusa kitu. Alilitoa likichuruzika, akalilaza tena mapajani.

"Mimi siogelei," yule mwanamke alisema.

"Hata mimi," akasema mwingine nyuma yake.

"Mimi nilidhani niko peke yangu," akasema mwanamume mmoja mrefu, na wachache wakacheka, lakini walikuwa wameshaanza kusimama. Mmoja baada ya mwingine walirudi juu ya gati wakaketi kwenye mbao, fulana zao mpya zikirushiwa maji na mawimbi, wakamgeukia Shemeji. Meneja alibaki botini peke yake na simu yake, hana wa kumpiga picha.

Shemeji alisimama akiwa ameshika fito. Kisha akalitupa chini, akaenda stoo, akafungua, akaanza kuyarusha majaketi nje kwa fujo kama mtu anayehamishwa nyumba. Watu walivaa. Meneja alivaa wa mwisho, shingo upande. Mama Chanuo alipanda gatini, mkono ukimchuruzika maji, akapita kwa kila mtu akivuta klipu. Yule mwanamke wa mbele alikuwa akihangaika na kola.

"Zitoe nywele juu yake, hivi. Zikiharibika njoo Jumanne. Hutalipa."

Kisha akapuliza filimbi, mitumbwi ikaachiana, mlango ukafunguka, na boti zikatoka zikiwa zimejaa rangi ya machungwa.

"Umeridhika?" Shemeji aliuliza bila kumtazama.

"Leo, ndiyo."

"Basi tumemalizana."

Hakuwa anatania. Jumamosi iliyofuata walipofika, mitumbwi yote ilikuwa imepigwa mnyororo kwenye nguzo, na Shemeji ameketi kwenye kiti juu ya gati, amekunja mikono. Wapiga makasia walisimama ufukweni na majaketi yao mkononi. Nesi alikuwepo, na Barafu, na yule mwanamke mwenye nywele za kusuka alikuja na wenzake wawili. Walimtazama Mama Chanuo, naye akaitazama minyororo.

"Vaeni," alisema.

"Na boti?" Barafu aliuliza.

"Boti kazi yake ni kubeba watu. Kuelea kunafundishwa majini. Vaeni, ingieni."

Aliwapanga majini kwa mstari, mpaka kifuani, kando kabisa ya gati, mahali ambapo kila mteja anayekwenda kukata tiketi lazima awapite. Akawafundisha kulala chali na kuachia mwili. Akawafundisha kukunja magoti ili joto lisipotee, na kushikana watatu watatu, mtu kwa mtu, bila mitumbwi. Sauti yake ilikwenda mbali juu ya maji. Wateja walisimama, wakauliza, wakashuka ufukweni kutazama vizuri.

"Shemeji, unanifukuzia wateja!" Shemeji alipiga kelele kutoka juu.

"Boti ni zako, nimekuachia! Maji umeyanunua lini?"

"Mpaka lini hivi?"

"Wewe unafungua mpaka lini?"

Shemeji aligeuka kumwita mke wake aje ashuhudie, na akakuta kidirisha cha tiketi kimefungwa. Mdogo mtu alikuwa anashuka ngazi, viatu mkononi, gauni amelikunja kiunoni, jaketi la stoo kifuani limefungwa vibaya, klipu ya juu kwenye tundu la chini.

"Wewe, unakwenda wapi? Nani atauza tiketi?"

"Uza wewe," alisema, bila kugeuka. "Tiketi ziko kwenye droo."

Alipofika ukingoni maji yaligusa vidole vyake, akaruka nyuma, akapiga kelele, akasonga tena. Mama Chanuo aliacha mstari, akamfuata. Hakumkumbatia. Alifungua klipu zote mbili, akazifunga upya mahali pake, akazivuta kwa nguvu mpaka mdogo wake akaguna.

"Inabana, Dada."

"Ndivyo inavyotakiwa. Simama pale, karibu na Nesi. Tunaanza upya."